Kusimamia na Kusimamisha: Somo kwa Mwenye Jengo Kuhusu Msimamizi wa Ujenzi

SOMO LA NNE



Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia kiwanja, kibali cha ujenzi na mkataba. Somo hili linamhusu mtu ambaye jina lake mara nyingi halionekani katika kibali wala katika ramani, lakini ndiye anayekuwapo kila siku, kuanzia mfuko wa kwanza wa saruji hadi bati la mwisho. Huyo ni msimamizi wa eneo la ujenzi, ambaye mafundi wengi humwita foremani.

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia kwamba utaweza:

(a) kueleza tofauti kati ya fundi hodari na msimamizi hodari;
(b) kutaja stadi tano za uongozi na usimamizi wa mradi ambazo msimamizi hupaswa kufundishwa;
(c) kumsaili msimamizi kabla ya kumkabidhi kazi, na
(d) kutimiza wajibu wako wewe mwenye jengo, ili mafunzo aliyoyapata yasiwe bure.

1. Kwa nini somo hili

Anayepita Buhongwa, Igoma, Kisesa au Nyamhongolo huona nyumba mpya kila upande, nyingine zimefika kwenye lenta, nyingine zinasubiri bati. Wengi wa wenye nyumba hizo hujenga kidogo kidogo, kwa kiinua mgongo, kwa mkopo wa kikundi, au kwa fedha zinazotumwa na mtoto aliye mbali. Hawawezi kuwapo eneo la ujenzi kila siku, kwa hiyo hutafuta mtu wa kuwasimamia.

Mtu huyo kwa kawaida ni fundi aliyewahi kuwajengea jirani au ndugu, ukuta wake ukanyooka. Sifa hiyo ni njema, wala hatuidharau. Hata hivyo, kujenga ukuta ulionyooka kwa timazi ni stadi moja, na kuongoza watu ishirini wanaojenga kuta kumi kwa fedha ya mtu mwingine ni stadi nyingine. Ile ya kwanza fundi wetu ameisomea chuoni au ameipata kwa miaka ya kumsaidia fundi mkubwa. Hii ya pili mara nyingi hakuna aliyemfundisha. Siku moja aliambiwa, "Kuanzia kesho wewe ndiye mkubwa wa hapa," na kesho yake akawa mkubwa.

Pengo hilo hulipwa na mwenye jengo: saruji inayoganda stoo kwa kununuliwa mapema mno, ukuta unaobomolewa kwa sababu fundi bomba hakuitwa kwa wakati, vibarua wanaolipwa kwa siku ya kukaa. Wakati mwingine hulipwa kwa uhai. Taifa letu halijasahau jengo la ghorofa lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, wala lile la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Hatuyataji ili kumtisha msomaji anayejenga vyumba vitatu Mkolani. Tunayataja kwa sababu uzito wa zege haubagui mji, na ukuta mmoja wa uzio unatosha kumwua mtoto anayepita.

2. Nyapara na msimamizi

Kiswahili kinalo neno la zamani la mtu anayesimamia kazi za wengine, nalo ni nyapara. Katika misafara ya bara, nyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi. Baadaye neno hilo likahamia mashambani na magerezani. Kipimo cha kazi yake kilikuwa kimoja, kwamba mzigo umefika na watu hawakusimama. Alitumia sauti, na mara nyingine fimbo.

Unyapara haujaisha katika maeneo yetu ya ujenzi. Msimamizi anayejiona nyapara hupiga kelele tangu asubuhi, huficha kosa lisionwe na mwenye jengo, na humwona kibarua anayeuliza swali kuwa mvivu. Kazi yake huonekana kwenda kasi. Lakini kibarua anayeogopa kuuliza huendelea kukosea kimya kimya, na kosa lililofunikwa kwa plasta hugharimu zaidi kuliko lililosemwa likiwa bado wazi.

Neno "msimamizi" lina asili nyingine. Linatokana na kusimama. Kutokana na shina hilo hilo tunapata kusimamia, yaani kuangalia kazi iende ipasavyo, na kusimamisha, yaani kuizuia isiendelee. Mafunzo yote ya uongozi kwa wasimamizi wa ujenzi yanaweza kupangwa chini ya vitenzi hivi viwili. Cha kwanza hupendwa na kila mtu. Cha pili ndicho kigumu, na ndicho tunachotaka ukitilie maanani zaidi katika somo hili.

3. Mfano: siku ya kumwaga zege

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya kufundishia.

Mwalimu mstaafu anajenga nyumba ya ghorofa moja kwenye mteremko unaotazama ziwa. Anacho kibali, na ramani imechorwa na wataalamu waliosajiliwa. Mhandisi amekagua nondo siku ya Alhamisi na kuziridhia. Jumamosi ndiyo siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu. Sakafu hiyo ina urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na unene wa sentimita 15.

Hesabu yake ni rahisi. Mita 10 mara 8 mara 0.15 ni mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, zinahitajika takriban mifuko 76 ya saruji. Zege hilo likiwa bichi litakuwa na uzito wa karibu tani 29, na uzito wote huo utabebwa na mirunda mpaka zege lenyewe lipate nguvu. Kama mirunda ni 80, kila mmoja utabeba zaidi ya kilo 300, bila kuhesabu watu, toroli na mbao.

Usiku wa Ijumaa mvua imenyesha. Alfajiri ya Jumamosi msimamizi anazunguka chini ya fremu za mbao na kuona kwamba mirunda ya upande wa chini imekaa juu ya kifusi kilicholowa. Mitatu tayari imezama kiasi cha kidole kimoja. Juu, watu wote wamefika. Mashine ya kuchanganyia imekodiwa, sufuria la wali liko motoni, na Mwalimu amekuja na wadogo zake kushuhudia.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo hatumwagi."

"Marahaba. Kwa nini tena, fundi? Watu wote hawa wamefika."

"Mirunda ya upande wa ziwani inazama. Naomba siku mbili nitoe kifusi, niweke mbao nene chini ya kila mrunda, kisha mhandisi aje aone tena."

"Na fedha ya watu hawa?"

"Hiyo ya leo tutaipoteza, Mwalimu. Nimeiandika hapa."

Tukadirie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba vibarua 20 wanalipwa shilingi 15,000 kila mmoja, yaani 300,000. Mashine ni 120,000. Na chakula 80,000. Hasara ya siku hiyo ni shilingi 500,000. Kwa mstaafu, hiyo si fedha ndogo. Lakini saruji peke yake, kwa bei ya kukadiria ya shilingi 18,000 kwa mfuko, ni shilingi 1,368,000. Ongeza nondo, kokoto, mchanga na mbao, kisha weka chini ya tani hizo 29 vijana wawili waliotumwa kugonga kabari. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Zege likishamwagwa nalo halizoleki.

Zingatia mambo matatu katika mfano huu. Msimamizi alikagua kabla ya watu kuanza, wala hakusubiri tatizo limfuate. Alizungumza kwa heshima, akaja na suluhisho pamoja na muda wake. Tena alikuwa ameandika. Hayo yote hufundishika. Hakuna hata moja linalohitaji mtu azaliwe nalo.

4. Stadi tano za msimamizi

(i) Kupanga

Kila jengo lina kazi zinazosubiriana. Wakazi wa Misungwi na Sengerema waliokuwa wakivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi waliona jambo hilo kwa macho tangu ujenzi wa Daraja la J.P. Magufuli ulipoanza mwaka 2020 hadi lilipozinduliwa Juni 2025. Daraja lile lina urefu wa takriban kilomita 3. Nguzo zilitangulia, njia ikafuata, na kila hatua iliingoja iliyo chini yake ikamilike. Nyumba ya vyumba vitatu hufuata kanuni hiyo hiyo. Mabomba na mifereji ya nyaya za umeme hutangulia plasta, na msingi hutangulia mvua.

Msimamizi aliyefundishwa hupanga kazi kwa juma zima, akaonyesha kila kazi inahitaji watu gani, vifaa gani, na ipi iwe imekwisha kabla yake. Katika ukanda huu wa Ziwa hana budi kuzisoma mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika, kuanzia Machi hadi Mei. Anayechimba msingi kwenye mteremko wa Mabatini mwezi Machi bila mfereji wa kuyaepusha maji amepanga kuchimba mara mbili.

Hana budi pia kuisoma ardhi. Mwanza ni mji wa mawe makubwa, na katika kiwanja kimoja unaweza kukuta upande mmoja wa msingi umekaa juu ya mwamba na mwingine juu ya udongo. Upande wa udongo hushuka, wa mwamba haushuki, na ukuta hupasuka katikati. Wasukuma wanazitofautisha ardhi zao kwa majina: luseni ni ardhi ya kichanga, mbuga ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Msimamizi anayeujua udongo wa mbuga hataanza msingi juu yake kabla mhandisi hajatoa maelekezo.

(ii) Kuhesabu

Msimamizi anapaswa kuyasoma makadirio ya gharama yaliyotayarishwa na mkadiriaji majenzi, na kila juma kulinganisha kilichopangwa na kilichotumika. Tukirudi kwenye mfano wetu, kama zege la mita za ujazo 12 limekula mifuko 60 badala ya 76, hilo halistahili pongezi kabla halijaulizwa. Ama sakafu ni nyembamba kuliko ilivyochorwa, ama mchanganyiko ni dhaifu, ama vipimo vilikosewa. Na kama limekula mifuko 95, nako kuna swali. Msimamizi anayehesabu huliuliza yeye mwenyewe kabla hajaulizwa.

Kuhesabu kunahusu pia vipimo vya kila siku. Toroli moja likijazwa kwa kilima na jingine kwa kusawazishwa, zege la asubuhi haliwi sawa na la jioni. Boksi la mbao lenye ujazo wa lita 35, ambao ni sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, huondoa ubishi huo.

(iii) Kuelekeza

Katika eneo moja la ujenzi jijini Mwanza unaweza kukuta Msukuma, Mjita, Mkerewe, Mhaya na Mkurya wakifanya kazi pamoja, mwingine ana diploma na mwingine hakumaliza shule ya msingi. Maelekezo yaliyotolewa mara moja kwa haraka hayatawafikia wote. Wasimamizi hufundishwa kufanya kikao kifupi cha asubuhi, kisichozidi dakika 10, chenye mambo matatu: kazi ya leo, hatari ya leo, na nani anafanya nini. Kisha mmoja wa vibarua huombwa ayarudie kwa maneno yake. Akikosea, msimamizi hujua kwamba hakueleweka, na hurudia bila kumdhihaki.

Uongozi wa namna hii si mgeni kwetu. Wakulima wa Kisukuma waliolima pamoja kwa ngoma ya bugobogobo walifuata mdundo mmoja. Aliyeongoza aliwatazama wote, na mwendo wa jembe ulikuwa ule ambao kundi zima liliweza kuudumisha. Msimamizi mwema naye huweka mwendo unaofikika mpaka jioni, kwa sababu ajali nyingi hungoja watu wachoke.

(iv) Kuandika

Daftari la kazi ni kumbukumbu ya mradi. Kila siku huandikwa tarehe, hali ya hewa, idadi ya watu, kazi iliyofanyika, vifaa vilivyoingia na kutoka, wageni waliokagua, na tatizo lolote lililojitokeza. Mistari kumi inatosha. Tarehe ya kumwaga zege ina umuhimu wa pekee. Zege hupaswa kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7; mirunda ya sakafu kwa kawaida haitolewi kabla ya siku 14, au kwa muda mrefu zaidi kama mhandisi ameelekeza hivyo; na nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida likiwa na siku 28. Pasipo daftari, siku ya 9 hugeuka siku ya 14 kwa sababu tu mtu fulani anaihitaji mirunda hiyo kwingine.

Daftari humlinda kila mmoja. Likitokea dai kuhusu malipo, au kibarua akiumia na ikahitajika taarifa kwa ajili ya fidia, maandishi ya siku ile hushinda kumbukumbu za watu wawili wanaobishana.

(v) Kusimamisha

Stadi ya tano inazitegemea nne zilizotangulia. Msimamizi aliyepanga, akahesabu, akaeleweka na kuandika ana msingi wa kusema, "Hapa tusimame." Hufundishwa kuyatambua mapema mambo yasiyo na mjadala: mtaro wenye kina unaomomonyoka ukiwa na watu ndani, jukwaa lisilofungwa imara, mirunda inayozama, nondo zisizokaguliwa, mtu aliyelewa. Yakitokea hayo, hasubiri ruhusa. Husimamisha kazi, huwatoa watu, kisha ndipo hupiga simu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka wajibu wa kulinda uhai wa wafanyakazi, na eneo la ujenzi ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Msimamizi anayeambiwa achimbe msingi ndani ya mita hizo anapaswa kusimama hapo hapo, hata kama mwenye kiwanja ndiye anayemlipa.

5. Wapi stadi hizi hupatikana

Njia ziko zaidi ya moja. Fundi aliyejifunzia kazini bila cheti anaweza kwenda VETA, ambayo ina chuo hapa Mwanza, akapimwa ujuzi alionao na kutambuliwa rasmi. Aliye na msingi wa elimu anaweza kupanda ngazi za vyeti vya ufundi stadi, kuanzia ya I hadi ya III. Bodi za usajili huandaa semina kwa ajili ya makandarasi na wataalamu wao, na kampuni zinaweza kuwapeleka wasimamizi wake.

Darasa peke yake halitoshi. Uongozi hukomaa pale msimamizi mchanga anapowekwa chini ya mzoefu kwa muda, akaendesha kikao cha asubuhi huku mzoefu akisikiliza, akaandika daftari huku mzoefu akilisahihisha, na jioni wakazungumzia kilichokwenda vibaya pasipo kulaumiana. Kampuni yenye utaratibu huo ina kitu cha kumwonyesha mteja, nasi tunakushauri ukiulizie.

Tahadhari: mafunzo ya usimamizi hayachukui nafasi ya usajili. Mkandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997; mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya Sheria Na. 15 ya mwaka huo huo. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi na bodi yao chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Msimamizi aliyefundika ni jicho la wataalamu hawa katika siku ambazo hawapo. Hawezi kuwa badala yao.

6. Wajibu wa mwenye jengo

Tumeona mara nyingi msimamizi mwenye mafunzo akishindwa kuyatumia kwa sababu mwenye jengo hakumpa nafasi. Mwenye jengo hupita jioni, akamwamuru kibarua moja kwa moja aongeze chumba upande wa jikoni. Kesho yake msimamizi hana mamlaka tena, na vibarua wanajua. Au humlipa msimamizi kwa masharti kwamba akichelewa siku moja anakatwa fedha, kisha akashangaa kwa nini alimwaga zege kwenye mvua.

Kwa hiyo tunakushauri mambo manne.

Kwanza, weka katika mkataba kifungu kinachosema kwamba msimamizi anaweza kusimamisha kazi kwa sababu ya usalama au ubora, na kwamba hatakatwa malipo kwa kufanya hivyo, alimradi ameandika sababu katika daftari siku hiyo hiyo.

Pili, tenga akiba katika bajeti yako kwa ajili ya siku zitakazosimama. Anayejenga bila akiba humlazimisha msimamizi achague kati ya ukweli na ajira yake.

Tatu, toa maelekezo yako yote kupitia kwa msimamizi, na mabadiliko yoyote ya ramani yapitie kwa mtaalamu aliyeichora.

Nne, lisome daftari kila juma na uweke sahihi. Kama uko mbali, omba picha ya kurasa zake kwa simu. Msimamizi anayejua kwamba linasomwa huliandika vizuri zaidi.

7. Maswali ya kumsaili msimamizi

Kabla ya kumkabidhi kazi, keti naye na umwulize yafuatayo. Usikubali majibu ya "nitajitahidi"; omba mfano.

• Ni lini ulisimamisha kazi, na kwa sababu gani? Mwenye kazi alikujibu nini?
• Nionyeshe daftari la kazi uliyoimaliza karibuni.
• Kikao chako cha asubuhi huchukua muda gani, na huzungumza nini?
• Juma lijalo utahitaji vifaa gani hapa kwangu, na kwa nini usivinunue vyote leo?
• Kibarua akigundua kosa lako, hukuambia kwa njia gani?
• Umejifunza wapi, na nani alikusimamia ulipokuwa mchanga?

Swali la kwanza lina uzito kuliko yote. Msimamizi wa miaka kumi ambaye hajawahi kusimamisha kazi hata mara moja, ama amebahatika mno, ama ameyapita mengi akiwa amefumba macho.

8. Maswali ya kujipima

1. Sakafu ya zege ina urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15. Zinahitajika mita ngapi za ujazo za zege? Uzito wake ni tani ngapi, ikiwa mita moja ya ujazo ina tani 2.4?

2. Zege limemwagwa tarehe 3. Tarehe 12 fundi wa jirani anaomba kuazima mirunda yako. Utamjibu nini, na utautafuta wapi ushahidi wa tarehe hiyo?

3. Katika mfano wa Mwalimu mstaafu, taja maneno mawili au matatu aliyoyasema msimamizi ambayo yalimsaidia Mwalimu kuikubali hasara ya siku ile.

4. Andika kwa maneno yako mwenyewe kifungu cha mkataba kinachompa msimamizi wako haki ya kusimamisha kazi. Kisome mbele ya familia yako, kisha kiingize katika mkataba kabla ya kuuweka sahihi.

Majibu ya swali la 1: mita za ujazo 4.5, tani 10.8.

Kwa swali la 4 hatuna jibu la kukupa, kwa kuwa kifungu hicho ni chako. Tunakuomba tu usiliache likiwa wazi. Mwalimu wa mfano wetu aliweza kuambiwa "Leo hatumwagi" kwa sababu alikuwa amekubali tangu mwanzo kwamba siku kama hiyo inaweza kuja, na alikuwa amemlipa mtu wa kumwambia itakapofika.

Somo la Tano litahusu makabidhiano ya jengo na kipindi cha matazamio.